Kura Juu ya Tezi ya Tabasamu

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya studio yangu ya picha za pasipoti, na kama lingekuwa na masikio lingeshaomba uhamisho. Hapo ndipo tunapokutana kila alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa ukuta. Kuna mimi, waliyeniita Tabasamu kwa sababu kazi yangu ni kuwaambia watu wasitabasamu. Kuna Bomba, fundi wa mabomba, mwenye mikono mizito na majibu mepesi. Kuna Breki, mwalimu wa udereva, ambaye hata akiwa amekaa na kikombe mkononi mguu wake hukanyaga chini kila akisikia honi. Na kuna Hakimu, aliyefanya kazi mahakamani ujana wake wote, kazi ya kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni, lakini hukumu zote alizisikia. Buli hutumiminia kahawa kutoka kwenye birika lake na hudai hasikilizi. Siku ninayoisimulia watu hao walikaa kuamua mimi nifanywe nini, maana kesho yake asubuhi daktari alikuwa ananingoja nimpe jibu, na mimi jibu sikuwa nalo.

Niseme mapema, msije mkanihurumia bure: niliyataka mwenyewe. Mtu mwenye akili zake akiambiwa ana saratani hurudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa na mkewe. Mimi nilikwenda benchi. Mke wangu alikuwa hajui lolote, na nilikuwa nimejiapiza asijue mpaka jambo liishe, liishe kwa vyovyote litakavyoisha.

Mimi: Jamani, leo nina jambo.

Hakimu: Jambo likifika benchi ni mali ya benchi. Lete.

Mimi: Nimepimwa. Wamekuta kansa. Ya tezi dume.

Mguu wa Breki ulikanyaga chini, na honi haikulia. Buli alimimina kahawa mpaka ikafurika ikamuunguza kidole, asilalamike. Na Buli ni mtu anayelalamikia hata kivuli.

Bomba: Tezi dume ndiyo ipi hasa?

Mimi: Iko chini ya kibofu. Kitu kidogo tu, kimeizunguka njia ya mkojo.

Bomba: Aaa, koki! Si ungesema mapema? Hiyo ni kazi yangu kabisa.

Breki: We Bomba, acha mwenzio amalize. Daktari kasemaje?

Mimi: Kasema tumeiwahi. Iko mwanzo kabisa, haijatoka nje ya tezi, na ni ya aina ile inayokwenda polepole. Kwa hiyo njia ziko tatu. Ya kwanza, waiache mahali ilipo lakini waifuatilie kwa karibu: kupima damu mara kwa mara, kuingia tena kwenye ile mashine ya picha, na mara mojamoja kuchukua vinyama wavipime. Ikianza fujo ndipo watibu. Ya pili, upasuaji, waitoe yote. Ya tatu, mionzi.

Hakimu: Na yeye kakuambia uchukue ipi?

Mimi: Hapo ndipo aliponimaliza. Kasema kwa hali yangu zote tatu zinafaa, kila moja ina uzuri wake na ubaya wake. Nichague mimi.

Hakimu: Wewe?

Mimi: Mimi.

Hakimu: Wewe ambaye hata shati hujichagulii?

Nilitaka kubisha, lakini shati nililovaa alikuwa amelichagua mke wangu. Suruali pia. Kwa kweli katika maisha yangu nimechagua vitu viwili tu, mke na rangi ya pazia la studio, na pazia nilikosea.

Nikawasimulia jinsi daktari alivyonionyesha picha yenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Mimi mpiga picha, nikaitazama kwa jicho la kazi. Nikamwambia, "Daktari, fundi wako kakosea taa, kuna kivuli upande huu." Daktari akanitazama kwa upole, akaniambia kile kivuli ndicho ugonjwa. Sijawahi kuona aibu kama ile tangu siku niliyompiga picha bwana harusi na shemeji yake nikidhani ndiye bibi harusi.

Sasa, benchi letu lina sheria moja. Suala likiletwa haliondoki bila kupigiwa kura, na kura hupigwa kwa kikombe: unayekubali unapindua kikombe chako, unayekataa unaendelea kunywa. Tumeamua mambo makubwa kwa njia hiyo. Bomba alipoumwa jino tulipiga kura ling'olewe lipi. Kura ilipita vizuri sana, jino likang'olewa siku hiyohiyo, na maumivu yakabaki palepale kwenye jirani yake. Mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake na bado akaleta tezi yake kwenye benchi lilelile hastahili huruma, anastahili kupimwa kichwa pia.

Hakimu: Shauri limefunguliwa. Fundi Bomba, anza.

Bomba: Itolewe. Mimi nikikuta koki mbovu ndani ya ukuta siifuatilii. Nafuatilia nini, mpira? Nabomoa, natoa, naondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi: Lakini wanasema ukiitoa unaweza kuvuja. Mkojo. Wengi hutengemaa miezi ikipita, ila wapo ambao hawatengemai kabisa. Kwa hiyo kuna muda wa kuvaa nepi.

Bomba: Kuvuja ni uzembe wa fundi. Hakuzungushia tepu. Mwambie daktari wako nitakuja na tepu yangu.

Breki: Utaingia chumba cha upasuaji na hayo mabuti?

Bomba: Nitayavua. Na ikibidi tunamwekea koki ya pembeni. Ya kufungua kwa mkono. Akitaka kwenda haja anazungusha robo tu, kama tangi la juu ya paa.

Mimi: Halafu kuna lile jambo lingine.

Breki: Lipi?

Mimi: Lile.

Hakimu: Litaje. Hapa sote watu wazima.

Mimi: La chumbani. Huenda mambo yakalala.

Neno hili liliwashtua kuliko lile la kansa. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliposema kansa waliniangalia usoni. Niliposema hili kila mmoja alitazama kikombe chake.

Breki: Kulala kwa muda, au kulala moja kwa moja?

Mimi: Inategemea. Umri, afya ya mtu, na kama watafanikiwa kuiokoa mishipa ya fahamu iliyopita kandokando. Dawa zipo. Kwa wengine hurudi, kwa wengine hurudi nusu.

Bomba: Nusu ni bora kuliko hakuna. Hata maji ya mgawo tunayashukuru.

Hakimu: Shahidi wa pili.

Breki: Mimi nasema aache, afuatilie. Kaambiwa inakwenda polepole, sasa haraka ya nini? Barabara ikiwa na utelezi hukanyagi mafuta, unapunguza mwendo, unaangalia vioo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Bomba: Subiri. Hapo simba ni nani?

Breki: Simba ni… simba ni Tabasamu.

Bomba: Anayekwenda pole si ugonjwa? Simba ni ugonjwa, bwana. Tabasamu ndiye nyama.

Breki akafikiri. Mimi pia nikafikiri, na nikajikuta nimeshika shavu langu kuona kama limenona.

Breki: Sawa, hata ikiwa ndiyo simba, ni simba wa gia ya kwanza. Huyu mzee ana mwendo wake na ugonjwa una mwendo wake. Kabla hiyo haijamfikia, atakuwa ameshakufa na jambo jingine.

Mimi: Kwa hiyo dawa yako ni nife na jambo jingine?

Breki: Ndiyo faida yenyewe. Hata ukitaka tunaweza kuichosha. Unabadilisha mwendo kila siku. Leo unalala mapema, kesho unachelewa, leo unageukia kushoto, kesho kulia. Ugonjwa unashindwa kukusoma. Wanafunzi wangu wakifanya hivyo barabarani hakuna anayewagonga, kila mtu anawakimbia.

Nilicheka pamoja nao, lakini tumboni sikucheka. Hii ya kusubiri ndiyo daktari aliyoieleza kwa sauti tulivu kuliko zote, akasema wanaume wengi wa hali yangu huishi nayo miaka bila kuguswa na kisu. Nilimwelewa. Ila mtu kuelewa na mtu kulala usingizi ni vitu viwili. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo. Nikiumwa goti nadhani imehamia gotini. Nikipiga chafya najiuliza chafya ile imetoka wapi. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa zaidi mtu asije akaona.

Hakimu: Sasa mnisikilize mimi. Mionzi. Dawa ya moto ni moto. Kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna adui aliyemkaa mtu nguoni kuliko huyu. Basi achomwe humohumo ndani ya nguo.

Mimi: Hawachomi kwa moto, Hakimu. Unalala mezani, mashine inakulenga, unaondoka. Siku nyingi mfululizo. Au wanapandikiza vipunje vya mionzi ndani ya tezi yenyewe.

Bomba: Vipunje? Wanakupanda?

Mimi: Ni vidogo sana.

Bomba: Na vikiota?

Hakimu: Haviwezi kuota, eneo halina mwanga. Madhara yake ni yapi?

Mimi: Uchovu. Kwenda haja ndogo kila saa. Choo kusumbua. Na lile jambo la chumbani halilali ghafla, linaweza kufifia kidogokidogo, hata baada ya mwaka au miaka.

Hakimu: Kidogokidogo ni hukumu nzuri. Inakupa nafasi ya kukata rufaa. Halafu kwa nini alale hospitali siku zote hizo? Mnara wa simu ule pale juu ya ghorofa unatoa mionzi saa zote, bure. Aweke kiti chini yake. Akae akiwa amefungua miguu.

Breki: Na watu wakiuliza anakaa vile kwa nini?

Hakimu: Tutasema anatafuta mtandao.

Hapo hata Buli alicheka, akasahau kwamba hasikilizi.

Kisha mazungumzo yakageuka, na nadhani mimi ndiye niliyeyageuza. Niliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya viazi, wanadhani mwanamke huyachukuliaje mambo kama haya. Nilitaka kuambiwa jambo moja tu, nyamaza. Nilikuja na sikio lililo tayari kwa neno hilo.

Bomba: Mwanamke? Hawezi. Mwanamke hawezi kukaa na mume wa nepi. Atakufulia wiki ya kwanza, wiki ya pili utasikia amekwenda kumwona mama yake.

Breki: Mimi naona tatizo ni huruma. Akishajua tu anaanza kukuhurumia. Unataka kubeba ndoo, anakunyang'anya. Unataka kukasirika, anakwambia "usijali." Huruma ya mke ni noma kuliko ugonjwa.

Hakimu: Na sheria iko wazi. Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa wanne, kwa hiyo ficha.

Sikuwahi kusikia methali ikipindwa shingo namna ile, na sikuwahi kushukuru kama nilivyoshukuru. Nilikunywa kahawa yangu kwa raha. Watu watatu wazima, wenye vitambulisho vya taifa, walikuwa wamenithibitishia kwamba uoga wangu ni busara.

Hakimu: Twende kwenye kura. Upasuaji?

Bomba akapindua kikombe.

Hakimu: Kufuatilia?

Breki akapindua chake.

Hakimu: Mionzi? Mimi mwenyewe. Moja, moja, moja. Kura zimefungana.

Mimi: Bado mimi.

Nikanyanyua kikombe changu. Mkono wa Hakimu ukakifunika.

Hakimu: Wewe huna kura.

Mimi: Sina kura kivipi? Tezi ya nani?

Hakimu: Ndiyo maana. Wewe una maslahi. Mahakamani mtu mwenye maslahi hutoka nje.

Bomba: Hapo Hakimu kasema kweli. Mimi siku ya jino sikupiga kura.

Breki: Na tukang'oa lisilouma.

Bomba: Lakini utaratibu ulifuatwa.

Sasa nisikilizeni mjue nilivyo. Nilikubali. Nilirudisha kikombe changu chini, taratibu, nikajiona hata muungwana. Kuna wepesi fulani mtu anaupata akiambiwa mwili wake haumhusu.

Hakimu: Buli, piga ya kutatua.

Buli: Mimi sisikilizi.

Hakimu: Basi atafutwe mtu wa nje asiye na maslahi. Yeyote atakayepita. Huyo anayekuja hapo, samahani, mpita njia, tuna kura hapa ya…

Hakimu alikuwa bado hajageuka. Breki ndiye aliyegeuka, akasimama wima kama aliyeitwa jina shuleni. Bomba akafuata. Nami nikageuka mwisho.

Alikuwa mke wangu. Katika miaka yote ya benchi lile hakuwahi kufika. Nyumbani na studio si mbali, lakini benchi lilikuwa langu na jiko lilikuwa lake, na hakuna aliyevuka mpaka. Mguu mmoja alikuwa amevaa kandambili yake, mguu wa pili kandambili yangu. Unga ulikuwa umemkauka viganjani.

Breki: Shemeji! Karibu, karibu. Habari za nyumbani?

Mke wangu: Salama. (Akanigeukia mimi.) Umezima simu.

Mimi: Chaji iliisha.

Mke wangu: Ulipozima simu yako wamenipigia mimi. Hospitali. Kumbe namba yangu uliwaandikisha.

Niliandikisha. Waliniuliza mtu wa karibu ni nani, na mkono ukaandika kabla kichwa hakijazuia. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, kumficha mtu jambo kisha kuwaachia wenye jambo namba yake.

Mke wangu: Muuguzi. Binti mwenye adabu sana. Kaniambia, "Mama, daktari anakumbushia miadi ya kesho kliniki ya saratani, na anauliza kama mmeshaamua." Mmeshaamua. Nikamjibu, "Bado kidogo, tunaendelea kuzungumza." Ningemwambia nini mtoto wa watu? Kwamba mimi mke sijui tunazungumza nini?

Buli alishika birika lake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie.

Mke wangu: Sikumuuliza zaidi. Niliona aibu kumuuliza. Nikatoka hivihivi. Kutoka nyumbani mpaka pale kwenye kona nimekuzika. Nimeshawapigia watoto simu kichwani mwangu mmojammoja, nimeshafikiria yule mdogo nimwambie vipi. Nimefika hapa nakukuta unakunywa kahawa na watu wanacheka.

Nilitaka kumshika mkono, lakini mbele za watu sisi hatukuzoea. Nilijisikia mchafu, na hiyo ndiyo hali halisi, sina namna ya kuipamba. Nilidhani namficha ili asiumie, kumbe nilikuwa namwachia aumie peke yake njiani.

Hakimu: Shemeji, tulikuwa tunamsaidia tu mwenzetu. Tulikuwa kwenye kura…

Mke wangu: Kura ya nini?

Hakimu akatazama vikombe vitatu vilivyopinduliwa, akakinyanyua chake polepole akakigeuza.

Mke wangu: Kwa hiyo shemeji Bomba unajua. Na Breki unajua. Hakimu ndiyo usiseme. Na huyu wa kahawa?

Buli: Mimi si…

Mke wangu: Unajua.

Buli: Najua, mama.

Mke wangu: Sawa. Basi naomba mtu mmoja anijibu. Mimi ni wa ngapi?

Hakulisema kwa ukali. Laiti angelisema kwa ukali, tungepata pa kushika. Hakimu, ambaye ana jibu la kila kitu hadi vitu visivyoulizwa, alianza kukifuta kikombe chake kwa shati. Breki alikanyaga chini, akakanyaga tena. Mimi nilianza kuhesabu kimoyomoyo, kwa ujinga wangu nilianza kuhesabu kweli, daktari, muuguzi, Bomba, Breki, nikaacha.

Mimi: Nilikuwa naogopa.

Mke wangu: Unaogopa kufa?

Mimi: Hapana. Ndiyo, kidogo. Daktari kasema tumeiwahi, kasema si leo wala kesho. Naogopa… kuna matibabu ambayo yanaweza kunifanya nivuje. Na nisiwe… chumbani. Nikasema utaniona si mwanaume.

Watu walikuwepo wote na nilisema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Pengine si ujasiri, pengine aibu ilikuwa imeshajaa ikakosa pa kukaa.

Mke wangu: Mimi nilikuambia hivyo?

Mimi: Hapana.

Mke wangu: Nani kakuambia?

Nikamtazama Bomba. Sikukusudia kumchongea, macho yalikwenda yenyewe.

Mke wangu: Shemeji Bomba, sasa uko kwenye mke wa ngapi?

Bomba: Wa tatu, shemeji.

Mke wangu: Wale wawili waliondoka kwa sababu ya nepi?

Bomba: Hapana, shemeji. Nilikuwa mzima kabisa.

Mke wangu: Waliondoka kwa sababu gani?

Bomba akatazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

Bomba: Walisema nyumbani siongei.

Breki akaokota kofia yake, akasema ana mwanafunzi anamngoja, na sote tunajua saa zile hana mwanafunzi. Hakimu akamfuata bila kuahirisha shauri wala kulifunga. Bomba alikuwa wa mwisho. Alifika mbali kidogo akasimama, akatoa simu yake, akaitazama, akaanza kutembea tena, safari hii kuelekea kwake. Buli alitikisa birika akasikiliza, akamimina kilichobaki, kikombe kimoja kisichojaa, akakiweka kwenye ubao kati yetu akaondoka bila kudai hata shukrani.

Mke wangu: Sogea.

Nikasogea. Akakaa kwenye benchi, akaifuta mikono yake ya unga kwenye magoti. Tulikuwa tumeelekea dirisha la studio, na nyuma ya kioo watu wote niliowahi kuwapiga picha walikuwa wakitutazama bila kutabasamu.

Mke wangu: Kesho tunaingia wote wawili. Kama ni kukatwa, kama ni kusubiri, kama ni hiyo mionzi, nataka nimsikie daktari mwenyewe, na nina maswali yangu. Mengine utayaonea haya. Uone tu.

Mimi: Sawa.

Mke wangu: Haya. Nieleze.

Nikavuta pumzi. Nikajiweka sawa kama mtu anayetaka kutoa taarifa ya kikao.

Mimi: Daktari alisema kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza…

Mke wangu: Hapana. Sijakuuliza ya daktari, hayo nitayasikia kesho.

Mimi: Sasa nianzie wapi?

Mke wangu: Anzia siku ile uliyoniaga unakwenda kununua karatasi za picha. Ukarudi mikono mitupu, ukasema duka limefungwa, ukala ukalala. Siku ile ulikwenda kupimwa, siyo?

Mimi: Ndiyo.

Mke wangu: Ulikaa na nani pale ukingoja?

Mimi: Peke yangu.

Akachukua kile kikombe, akanywa kidogo, akanipa.

Mke wangu: Anzia hapo.